Msipake Plasta Juu ya Ufa

Neno kuu: 1 Mambo ya Nyakati 13:7-14 na 15:11-15, Ezekieli 13:10-15

 

Jumapili iliyopita mliingia mkakuta ngazi ya kwenda juu imefungwa kwa mbao, na watoto wa shule ya Jumapili wamekaa chini ya hema pale nje. Wengine mlinyamaza. Wengine mliniuliza mlangoni, "Pasta, kwani kuna nini?" Nikawaambia mketi, mtasikia yote kwenye mahubiri. Ujumbe huu ndio jibu langu. Nimeomba uchapwe jinsi nilivyouhubiri, ili wale waliokuwa kazini ama safarini wasiupate kwa maneno ya barabarani.

Nazungumza kuhusu makosa ya mjengo. Na sikuja kumlaumu fundi. Kosa ninalotaka kuwaeleza ni langu.

Wazee wetu hapa wanajua kwamba kabla Bwana hajaniita nilikuwa mtu wa mkono kwenye mjengo kule Eldoret. Nimekoroga simiti kwa sepetu mpaka mikono ikapasuka. Nimebeba karai kichwani nikipanda ngazi ya miti. Siku moja fundi mzee aliyekuwa ananisimamia akaniachia ukuta nijenge mwenyewe. Nilifurahi sana. Nikapanga kozi tatu za mawe haraka haraka, nikitaka aone vile mimi ni mkali. Aliporudi hakusema neno. Akatoa timazi mfukoni, akaining'iniza kando ya ukuta, akaniita: "Kijana, hebu angalia uzi." Ukuta ulikuwa umeinama kwa upana wa kidole. Nikamwambia, "Fundi, si ni kidogo tu? Plasta itaficha." Akaniambia, "Plasta itaficha macho yako. Ukuta wenyewe hauna macho, unajua tu uzito." Nikabomoa zote tatu jioni hiyo, na nilimchukia mzee huyo mpaka nikalala.

Nikiwa na miaka kumi na tisa nilifundishwa somo hilo. Sasa sikilizeni vile mtu anaweza kufundishwa jambo, alihubiri hata, halafu alisahau siku ambayo anataka kusifiwa.

Mnakumbuka tulipoanza kujenga ile sehemu ya juu. Mlitoa sana, Mungu awabariki. Kuna mama hapa anauza omena sokoni, alileta ahadi yake kila Jumamosi kwa M-Pesa, mia mbili, mia tatu. Vijana wa bodaboda walitoa mapato ya siku nzima. Kazi ilienda vizuri mpaka tukafika kwa bimu kubwa ya katikati na slabu. Wakati huo nilikuwa nimeshampa Askofu tarehe ya kuja kuweka wakfu. Kadi zilikuwa zimechapishwa. Hema na viti vimelipiwa.

Niwaeleze kidogo kuhusu konkriti, kwa sababu kuna neno la Mungu ndani yake. Watu wengi wanafikiri konkriti hukauka, kama nguo kwenye kamba. Hapana. Konkriti hushika. Simiti ikikutana na maji, vitu viwili hivyo hufanya kazi pamoja kimyakimya, siku baada ya siku, na ndiyo sababu unaona fundi mzuri anamwagia slabu maji asubuhi na jioni hata baada ya kuwa ngumu. Ukiikosesha maji mapema, nguvu yake inakatika katikati. Na inataka muda. Injinia hupima vipande vyake baada ya siku 7, halafu tena baada ya siku 28, na ile nguvu iliyoandikwa kwenye ramani ni ile ya siku 28. Katika muda huo, bimu ndefu hushikiliwa na miti kutoka chini. Ukigusa kwa mkono siku ya tatu utasema imekuwa jiwe. Lakini bado haijaweza kujibeba.

Sisi tulifanya makosa matatu. Wakati wa kukoroga, maji yaliongezwa kupita kipimo, ili mchanganyiko uwe mwepesi kumwagika na kazi iishe siku hiyo. Maji ya kukoroga yakizidi, konkriti inakuwa dhaifu. Kila fundi anajua. Mimi nilikuwa nimesimama pale na nikaona. La pili, baada ya kumwaga, ile wiki ya jua kali, maji ya bouza yalikuwa bei, na mimi ndiye niliyesema tumwagie siku tatu tu, inatosha. La tatu ndilo baya zaidi. Siku ya tisa nikaamuru miti itolewe, kwa sababu watu wa kupaka rangi na kupanga viti walihitaji nafasi chini.

Kuna kijana wetu hapa kanisani anayesomea ujenzi kwenye chuo cha ufundi. Sitamtaja jina, ameniomba nisimtaje. Asubuhi hiyo alinifuata, akavua kofia, akaniambia kwa heshima, "Pasta, samahani. Hii bimu bado haijamaliza siku zake. Tungoje angalau wiki mbili zaidi." Mnajua nilimjibu nini? Nilimwekea mkono begani, mbele ya mafundi, nikasema, "Kijana wangu, tunatembea kwa imani." Mafundi wakacheka. Yeye akanyamaza, akaenda zake.

Kanisa, nimeomba toba kwa ajili ya sentensi hiyo kuliko dhambi nyingi nilizofanya kabla sijaokoka. Nilichukua neno takatifu, imani, nikalifanya kifuniko cha haraka yangu. Hakuna mahali Mungu aliniahidi kwamba simiti itashika kwa siku tisa. Hiyo ahadi nilijipa mwenyewe.

Baada ya siku mbili ufa ukaonekana chini ya bimu, katikati, mwembamba kama unywele. Foramani akaniita kando. Akasema, "Pasta, tunaweza kuupaka plasta na rangi, hautaonekana." Nikakumbuka maneno niliyomwambia yule mzee wa Eldoret. Ni maneno yaleyale! Na safari hii hakukuwa na mtu wa kunitolea timazi. Nikasema, "Paka." Askofu akaja, tukaimba, tukaweka wakfu, tukapiga picha. Jumapili iliyofuata watoto sitini wakapanda juu.

Sasa tufungue Biblia. Mfalme Daudi alikuwa na mradi, na mradi wenyewe ulikuwa mzuri: kulileta Sanduku la Agano Yerusalemu. Katika 1 Nyakati sura ya 13 tunaona alishauriana na makamanda na viongozi, na watu wote wakakubali. Wakatengeneza gari jipya. Kulikuwa na vinubi, matari na tarumbeta, mfalme mwenyewe akicheza kwa nguvu zake zote. Kwa macho ya watu, siku hiyo haikuwa na kasoro. Lakini Sheria ya Musa ilikuwa imeshaeleza Sanduku libebwe namna gani: mabegani mwa Walawi, kwa miti yake. Hakuna aliyeuliza. Ng'ombe wakajikwaa, Uza akanyoosha mkono, akafa papo hapo.

Daudi kwanza alikasirika. Halafu akaogopa. Akaliacha Sanduku katika nyumba ya Obed-edomu miezi mitatu. Mimi naelewa hasira hiyo. Ukikosea mbele za watu, kitu cha kwanza ni kukasirika, hata na Mungu: "Si nilikuwa nakufanyia wewe kazi?" Lakini angalieni sura ya 15. Daudi anarudi, anawaita Walawi, na mbele yao anasema jambo ambalo wafalme wachache husema. Anakiri kwamba mara ya kwanza msiba ulitokea kwa sababu hawakumtafuta Mungu kwa utaratibu aliouagiza. Hakusema ng'ombe walikuwa wabaya. Hakusema shetani alituingilia. Hakumwekea marehemu Uza mzigo wote. Alisema "sisi". Kisha akafanya tena, mara hii kwa miti na mabega.

Mnaona? Nyimbo zilikuwako mara ya kwanza, na nyimbo zilikuwako mara ya pili. Kilichobadilika ni namna ya kubeba. Tunaweza kuwa na ibada moto, na bado tukawa tumeweka vitu vya Mungu kwenye gari la ng'ombe kwa sababu ni rahisi.

Sisi tungepata Uza wetu. Nasema hivi nikitetemeka. Wiki tatu baada ya kuweka wakfu, mwalimu wa shule ya Jumapili aliniambia mlango ulio chini ya ile bimu unakwama, haufungi tena. Nikamwambia ni mbao zimefura kwa mvua. Wiki iliyofuata akanionyesha ufa. Ulikuwa umerudi palepale, umepasua plasta na rangi, na sasa sarafu ya shilingi ingeingia. Usiku huo sikulala. Nikawaza juu ya Huruma.

Wengi wenu mnakumbuka. Tarehe 29 Aprili 2016, Ijumaa usiku, mvua kubwa, jumba la kupangisha pale Huruma, Nairobi, likaanguka na watu ndani. Karibu watu 50 walifariki. Tulikesha mbele ya televisheni, tukalia kwa furaha mtoto mchanga alipotolewa kwenye vifusi akiwa hai baada ya zaidi ya siku tatu. Lakini furaha ya mtoto mmoja isitusahaulishe jambo hili: jumba hilo lilikuwa kando ya mto, na lilikuwa limeshatajwa kuwa hatari kabla halijaanguka. Onyo lilikuwako. Watu walilala chini ya onyo.

Asubuhi nilipiga simu, injinia akaja. Alifunga uzi kutoka nguzo hii hadi nguzo ile, akaukaza. Katikati bimu ilikuwa imelala chini ya uzi, hata mimi niliona bila miwani. Akaipima kwa ile nyundo yake ya kupimia konkriti, akaandika, akaniuliza, "Pasta, huko juu hukaa nani?" Nikamwambia, watoto. Akafunga daftari. Akasema, "Kuanzia leo, asipande mtu. Rudisheni miti chini, halafu hii bimu ivunjwe na slabu ya juu yake imwagwe upya."

Gharama ni Sh480,000. Hiyo ni pesa ya paa, wapendwa. Ni pesa ya omena na bodaboda. Katika kamati tulikaa mpaka saa nne usiku. Ndugu mmoja mwenye nia njema alisema, "Pasta, tusiwaambie washirika. Watavunjika moyo, wataacha kutoa. Tuseme tunafanya ukarabati." Niliona anataka kunilinda. Lakini hiyo ilikuwa ni plasta nyingine.

Ezekieli sura ya 13 anazungumza na manabii wa namna hiyo. Watu wanajenga ukuta dhaifu, na manabii badala ya kuwaambia ukweli wanaupaka chokaa, wakihubiri amani mahali hapana amani. Bwana anasema mvua itakuja, mawe ya barafu na upepo, na ukuta utaanguka pamoja na chokaa yake, mpaka msingi uonekane. Ona kwamba nabii hakujenga ukuta. Dhambi yake ni kwamba alipaka. Nami nikajiona pale, brashi mkononi.

Kwa hiyo nina mambo manne ya kuwaachia.

Kwanza, haraka si imani. Imani husubiri siku 28 kwa utulivu. Anayeamini kwamba nyumba ni ya Mungu hana sababu ya kukimbizana na tarehe ya kadi. Vijana mnaotaka kuoana, msitoe miti mapema. Miezi ya mafundisho, kuwajua wazazi, kuongea kuhusu pesa na madeni, hiyo ni miti ya kushikilia. Kwa macho mnaonekana mmeshika. Ngojeni mpaka mweze kujibeba.

Pili, mwenye kuona ufa apewe nafasi ya kusema. Roho Mtakatifu aliongea nami kupitia kijana wa chuo mwenye kofia mkononi, na mimi nikasubiri aongee kupitia Askofu. Daudi alimsikiza nabii Nathani. Je, nyumbani kwako ni nani anaweza kukuambia ukuta umeinama? Baba, mke wako anaweza? Mama, binti yako anaweza bila kuogopa? Kama hakuna, huna timazi, na utajenga tu kwa macho.

Tatu, ufa mdogo ni rehema. Ufa wa unywele ni Mungu anakuita kwa sauti ya chini. Nilipoupaka rangi, ilimbidi aongeze sauti mpaka mlango ukakwama. Deni la elfu tano ulilolificha, ujumbe kwenye simu unaofuta kabla mume wako hajaona, glasi moja ya jioni: usiite fundi wa rangi. Mwite Injinia mapema, wakati bado ni kazi ya siku moja.

Nne, Mungu akivunja, havunji nyumba yote. Hili liliniponya. Nilimuuliza injinia kama jengo lote limeharibika. Akasema, "La, msingi wenu ni mzuri. Nguzo ni nzuri. Ni hii bimu na kipande hiki." Wapendwa, kuna mtu amekosea jambo moja, na adui anamwambia wokovu wake wote ni bure. Si kweli! Msingi ni Yesu Kristo, haujapasuka. Kuna kipande tu ambacho lazima kivunjwe. Kitatoa vumbi, kitatoa kelele, majirani watasikia nyundo. Kubali. Afadhali nyundo leo kuliko kilio kesho.

Wiki iliyopita nilienda nyumbani kwa yule kijana. Niliketi kwa mama yake, nikaomba msamaha mbele ya jamaa yake, kwa sababu nilikuwa nimemwaibisha mbele ya watu. Nilifikiri atasema, "Nilikuambia." Aliangalia chini muda mrefu, halafu akasema, "Pasta, mimi sikukasirika. Niliogopa tu. Mdogo wangu ni mmoja wa wale watoto wa juu."

Sikuwa na mahubiri ya kujibu hayo. Tulilia pamoja.

Sasa, tutafanya hivi. Bimu inavunjwa kuanzia Jumatatu, na injinia aliyesajiliwa ndiye atakayesimamia, si mimi. Hakuna tarehe ya kuweka wakfu itakayopangwa mpaka yeye atie sahihi. Hesabu yote itabandikwa ukutani, kila risiti. Mimi sitapokea mshahara wangu kwa miezi minne, uende kwa kazi hiyo. Mke wangu anajua na amekubali. Haitoshi kulipa yote, lakini ni sehemu yangu. Na tumefungua daftari moja, tumeliita Daftari la Makosa. Ukurasa wa kwanza nimeuandika kwa mkono wangu: tulichokosea, kwa nini, na atakayejenga baada yetu afanye nini. Siku moja kutakuwa na pasta mwingine hapa mwenye haraka kama yangu. Nataka alikute daftari hilo kabla hajalikuta lile la hesabu.

Kumbukumbu la Torati 22:8 inamwagiza mtu anayejenga nyumba mpya aweke ukingo kwenye dari, asije akaleta damu juu ya nyumba yake mtu akianguka. Mungu wetu anajali ukingo wa dari. Anajali bimu. Msimfikirie kuwa Mungu wa madhabahu tu, ambaye hajui habari ya simiti.

Na kama wewe unayesoma una ufa ambao umepakwa rangi, na wewe peke yako ndiye unajua uko wapi, usingoje mlango ukwame. Nami pia sikutaka kuanza.

Maombi: Bwana Yesu, fundi wa Nazareti, weka timazi yako kando ya maisha yangu. Unionyeshe palipoinama. Nisamehe kwa kuficha kile ulichotaka kuponya. Nipe moyo wa kumsikia mdogo anayeniambia ukweli, na ujasiri wa kuvunja kilicho dhaifu kabla hakijamwangukia mtu. Linda watoto wetu. Amina.

Ya kuzungumza katika ushirika wa nyumbani wiki hii:

1. Soma 1 Nyakati 13 na 15. Daudi alibadilisha nini mara ya pili, na nini hakubadilisha?
2. Ni wakati gani umetumia neno "imani" kumnyamazisha mtu aliyekuwa anakuonya?
3. Ni nani katika maisha yako ana ruhusa ya kukuonyesha ukuta umeinama? Mpigie simu wiki hii umwambie hivyo.